Jeneza Lililozeeka Kuliko Ukumbi

Kijijini kwetu Beiwa mtu mwenye akili hujiwekea jeneza mapema, angali na meno yake. Huo si uchuro. Uchuro ni kufa bila kuwa nalo, ukawaacha watoto wakimbilie mjini kununua kitu kilichoungwa kwa gundi, ukazikwa kama kabati. Kwa hiyo mtu akishawaoza watoto wake hutafuta mbao nzuri, huita fundi, na kazi ikiisha huwaalika majirani waje wagonge ubavu wa jeneza na kusema, "Aa, hili sasa!" Halafu kila mwaka baada ya mavuno mwenyewe hulipaka mafuta kwa kitambaa, taratibu, kama mtu anayemwogesha ng'ombe wa maonyesho.

Jeneza la Shangazi Sulian lilikuwa zuri kuliko yote. Alilitengeneza mumewe, Fundi Tiegen, na mbao zake zilitoka juu, kwenye Ukumbi wa Mfalme wa Mvua.

Ukumbi huo umesimama juu ya jukwaa la mawe, mahali ambapo kijiji chote kinauona na wenyewe unakiona kijiji chote. Paa lake limetanua mabawa kama kuku aliyelalia vifaranga, na mabawa hayo yanabebwa na vikono vya mbao vilivyopandana, hiki juu ya kile, kama wanasarakasi waliobebana mabegani. Hakuna msumari hata mmoja. Matetemeko yamekuja yakaondoka, wafalme vivyo hivyo. Babu zetu waliombea mvua humo. Baadaye sanamu ziliondolewa, ukawa ghala la nafaka. Halafu ukawa shule, nami nilisoma humo mpaka elimu yangu ilipoishia. Shule ilipohama, watu waliona ubaridi ule mkavu na upepo ule mzuri unapotea bure, wakaleta majeneza yao. Yakapangwa kwa mistari chini ya boriti, kila mtu akilijua la kwake, mengine yakiwa yametiwa ulezi na maharage ndani, maana hakuna panya aliyewahi kutoboa jeneza la Beiwa.

Zamani, wakati bado tunalima kwa pamoja, boriti kubwa ya upande wa mashariki ilikutwa imeoza kichwa. Tiegen na wenzake waliishusha kwa kamba wakapandisha mpya. Waliifunga kitambaa chekundu, wakarusha mikate na peremende kwa watu waliojaa chini, na Tiegen akaimba maneno ya kupandisha boriti mpaka sauti ikamkauka. Ile ya zamani, msonobari mnene ambao watu wawili hawakuweza kuukumbatia, wakubwa waliamua ichanjwe kuni za kuchemshia chakula cha nguruwe. Tiegen akaomba apewe hiyo badala ya ujira wake. Walimcheka. Akakata sehemu iliyooza, na sehemu nzima ikatoa majeneza mawili: moja la mkewe, la pili la Bibi Wen, shoga wa mkewe, kwa sababu wawili hao waliletwa Beiwa wakiwa maharusi katika majira ya baridi yaleyale na tangu hapo wamegombana kila siku bila kuachana.

Tiegen mwenyewe hakubakiwa na kitu. Alizikwa kwenye mbao za popla, mti laini wa bei rahisi. "Mimi fundi," alisema. "Nikilala ndani ya popla nitapata cha kulalamikia."

La mkewe alilijenga kama ulivyojengwa ukumbi, ulimi kwenye tundu, bila msumari. Hakulichonga kwa mshazari linyanyuke kichwani kama majeneza mengine, kwa sababu aliona dhambi kuipunja boriti ile hata kwa kidole. Likatoka sawa pande zote, kama sanduku. Na ndani, upande wa kichwa, akaweka kikono kimoja kidogo cha paa kilichoshushwa pamoja na boriti ile, akakichimba kikawa mto.

"Umepimaje?" mkewe alimuuliza.

"Shingo yako nimeiamkia maisha yangu yote. Nipime nini?"

Shangazi Sulian akaingia, akalala, akafumba macho. "Tiegen," alisema kutoka ndani, "humu nitachelewa kuamka."

Alipobaki mjane hakuwa na haja nyingine kubwa duniani. Alitaka siku yake ikifika alale humo, kichwa juu ya kile kikono. Basi.

Sasa, jeneza la mtu aliye hai halisogezwi ovyo. Ukilisogeza, kwetu husemwa, unaliambia muda umefika. Linasogezwa katika mwezi wa ziada tu, ule ambao kalenda yetu huongezewa kila baada ya miaka michache ili isiachwe na jua. Mwezi huo, wazee wanasema, mauti hayana zamu.

Mwaka mmoja ikaja amri kutoka wilayani kwamba ukumbi utakaguliwa, na ukipatikana ni wa kale utaingizwa katika hazina za taifa. Katibu wa kijiji, Wen Fuhai, mtoto wa Bibi Wen, alitangaza kwenye kipaza sauti kwamba majeneza yatoke. Kwa bahati mwezi wa ziada ulikuwa unaingia. Fuhai mikutanoni hupinga ushirikina kwa sauti kubwa kuliko mtu yeyote, lakini jeneza la mama yake alilihamisha siku iliyochaguliwa na mpiga ramli, jogoo mzima akiwa amefungwa juu ya kifuniko. Alilipeleka sebuleni kwake. Mkewe akalitandika kitambaa cha maua likawa benchi, na wakubwa wa wilaya walipokuja walikalishwa hapo wakanywa chai wakasifu ugumu wake.

Wote walitoa, isipokuwa Shangazi Sulian. Mwezi huo alikuwa mjini, mjukuu wake kajifungua. Aliporudi, mwezi ulikuwa umekwisha.

Fuhai alimfuata ukumbini.

"Shangazi, wenzako wote wametoa. Limebaki la kwako tu."

"Wametoa mwezi wa ziada. Mimi mwezi wa ziada nilikuwa wapi? Nilikuwa nakoroga uji wa mzazi."

"Wakaguzi wanakuja, Shangazi."

"Waje. Jeneza haliumi."

"Tulisogeze kidogo tu, mpaka pale uani."

"We Fuhai, nimekubeba mgongoni ukinikojolea. Sogeza. Halafu nikifa kesho, uwaambie watu Shangazi Sulian ameuawa na ufagio wa Katibu."

Fuhai aliangalia jeneza, akaangalia boriti, akaangalia viatu vyake. Mwisho akaenda kuleta kitambaa cha hariri ya njano kilichobaki kwenye sherehe fulani, akalifunika, akaweka juu chetezo cha kufukizia udi.

Mkaguzi mkubwa alikuwa Profesa Lu kutoka mji mkuu wa jimbo, mtu mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba. Alizaliwa mjini, ambako watu wakifa hutiwa motoni na kurudi majivu ndani ya kijisanduku cha kubebwa kwapani. Jeneza aliliona vitabuni, na la vitabuni limenyanyuka kichwani.

"Na hili?" aliuliza.

"Sanduku, Profesa," alisema Fuhai.

"La nini?"

"La... la hekalu."

"La maandiko matakatifu?"

Fuhai akavuta pumzi. "Hayohayo."

Profesa akafunua kifuniko mwenyewe. Ndani mlikuwa na ulezi wa mavuno ya mwaka ule. Akauchota kiganjani akautazama kwa muda mrefu. "Sadaka ya nafaka," alisema kwa sauti ya chini, na vijana wake wakaandika. Alipofika kwenye kile kikono cha kichwani, machozi yalimlengalenga. "Kiegemeo cha kitabu!" Vijana wakaandika na hilo.

Halafu walichukua mashine yao nyembamba ya kutoboa mbao, ya kujulia umri wa mti. Ngazi yao ilikuwa fupi, na boriti zote za ukumbi zilikuwa na masizi na mavi ya popo. Wakachagua ile moja iliyokuwa safi, ya upande wa mashariki. Wakatoboa hapo. Wakatoboa na sanduku. Wakanywa chai kwa Fuhai, wakiwa wamekaa kwenye benchi lenye kitambaa cha maua, wakaondoka.

Majibu yalipokuja, Fuhai aliyasoma mara mbili akiwa amesimama, mara ya tatu akiwa amekaa. Ukumbi wa Mfalme wa Mvua, kwa mujibu wa sayansi, ulijengwa wakati baba zetu ni vijana. Sanduku lilikuwa na miaka mia nane.

Sote tulijua kilichotokea. Mpaka kuku walijua. Lakini hazina ni hazina, na siku chache baadaye walikuja watu kupima barabara ya lami, tukaona si adabu kumkatiza mtu anayepima barabara. Sanduku likazungushwa kamba nyekundu. Kibao kikasimamishwa: SANDUKU LA MAANDIKO, MIAKA MIA NANE. LIMEHIFADHIWA NDANI YA UKUMBI WA KISASA.

Wageni wakaanza kuja kwa mabasi. Msichana wa kuwaongoza alikuwa na kipaza sauti kidogo kiunoni. "Karibuni huku mbele," alikuwa akisema. "Tafadhali tusipoteze muda na paa, paa ni la juzi." Nao wakapita katikati ya nguzo zilizosimama tangu mababu wa mababu, chini ya vikono vilivyoshika mzigo wao bila kupumzika, wakavigeuzia mgongo vyote ili wapige picha na jeneza la Shangazi Sulian.

Yeye alikuwa akija kila siku na kigoda, akikaa kando ya kizingiti.

"Bibi, na wewe umekuja kuliona sanduku?" mgeni mmoja alimuuliza.

"Nimekuja kuona kama mnalichubua."

Mavuno yalipokwisha alikuja na kopo la mafuta na kitambaa. Mlinzi akamzuia. Ndipo akashuka kwenda kwa Fuhai, kopo mkononi.

"Fuhai, nirudishie kitu changu."

"Shangazi, si changu, wala si chako tena. Ni cha taifa."

"Taifa lina mgongo? Litalala humo?"

"Usiseme hivyo kwa sauti. Sikiliza, nitakununulia lingine. La kiwandani, lina maua ya dhahabu. Ndani lina mto wa sponji."

"Sponji kamlaze mkeo."

"Basi niambie unataka nini!"

"Nimekwisha sema. Wewe masikio yako umeyaacha kwenye kipaza sauti."

Profesa aliporudi na waandishi wa magazeti, Shangazi Sulian alimngoja mlangoni amevaa koti lake zuri. Akamshika mkono wa shati.

"Mwanangu, hilo jeneza langu. Alinitengenezea mume wangu. Hicho unachokiita kiegemeo cha kitabu ni mto. Ondoa kamba nilale, utaona shingo inavyokaa."

Profesa alimtazama kwa upole mwingi mno. Akawageukia waandishi. "Mnaona? Kitu kitakatifu kikikaa muda mrefu katikati ya watu, watu hukifanya sehemu ya maisha yao. Akina mama wa hapa huamini sanduku hili ni jeneza lao." Akamwuliza Shangazi jina lake, akalitamka vizuri, akamshukuru. Baadaye tuliambiwa hayo nayo yameingia kwenye kitabu chake, sura ya imani za wenyeji.

Shangazi Sulian alirudi nyumbani akalivua koti lake zuri. Baridi ilipoingia alianguka, akawa halali upande, halali chali. Daktari wa kijiji alimpima kifua akatoka nje na jirani, akanong'ona kwamba watoto waitwe.

"Unanong'ona nini?" Shangazi aliita kutoka kitandani. "Sifi. Nife niende wapi, kwenye sponji?"

Na kweli, hakufa. Siku zikapita. Mjukuu wake akaja kutoka mjini na mtoto mgongoni. Shangazi akawa anakunywa uji vijiko viwili, anameza, anatazama dari, anangoja, kama mtu aliyekaa kituoni na tiketi mkononi, gari limechukuliwa na wengine.

Bibi Wen alikuja kumwona, na fimbo yake na chupa yake ndogo ya siki, maana hali kitu nyumbani kwa mtu bila siki yake.

"Umekonda kama ufito," alisema akikaa. "Utanifanya nionekane mnene msibani."

"Hutauona msiba. Nimegoma."

"Umegoma! Mtu anagoma kufa?"

"Wewe lako liko wapi? Sebuleni. Unaliona kila ukila. Mimi langu linapigwa picha na watu wenye kofia."

Bibi Wen alikaa akizungusha chupa ya siki mkononi. "Boriti moja," alisema mwishowe. "Langu na lako."

"Ubavu mmoja. Tiegen alisema la kwako limetoka upande wenye fundo."

"Aliniambia mimi upande wenye fundo ni wa kwako!"

"Alikuwa mwongo, Mungu amrehemu."

Walicheka mpaka Shangazi akakohoa, na Bibi Wen akamshika mgongo mpaka kikohozi kikapita. Kisha akachukua fimbo yake akaenda moja kwa moja kwa mwanawe. Mimi nilikuwa huko, nimeitwa kurekebisha mlango wa jikoni, na hakuna aliyenikumbuka.

Fuhai alikuwa anakula tambi. Bibi Wen alisimama mbele yake akapiga jeneza lake kwa fimbo, juu ya kitambaa cha maua.

"Hili ni nini?"

"Mama, chakula kinapoa. Ni jeneza lako."

"Limetoka wapi?"

"Si kwenye ile bo..." Fuhai aliacha tambi zikining'inia mdomoni.

"Endelea."

Fuhai alizirudisha tambi bakulini, akaangalia kitambaa cha maua.

"Nitaendelea mimi. Limetoka kwenye boriti ileile. Kwa hiyo na hili lina miaka mia nane. Hazina ya taifa. Nani kaificha sebuleni? Katibu. Nani kaifunika kitambaa cha maua? Mke wa Katibu. Na wale wakubwa wa wilaya waliokalia hazina ya taifa kwa matako yao, wakaimwagia chai, walikaribishwa na nani?"

"Mama, taratibu. Majirani."

"Profesa anakuja lini? Nataka kumwambia sanduku lake lina dada."

"Mama! Watalichukua na lako!"

"Walichukue. Mimi na Sulian tutagoma pamoja. Tutakaa hapa tukila tambi zako mpaka tufikishe hiyo mia nane."

Fuhai aliweka bakuli chini. Nilimwona anafikiri, na si kazi rahisi kuitazama. Lami ilikuwa imefika nusu ya njia. Akanigundua pale mlangoni.

"We! Nenda kaniitie Laifu."

Laifu ni fundi wetu wa madirisha. Alifungiwa ndani ya ghala la mahindi la Fuhai na shehena ya mbao za popla, akatoa sanduku lililo sawa pande zote. Akalipaka chai nzito, masizi na siki. Akalipiga kwa minyororo, akalilaza kwenye samadi, akalitoa, akalipaka tena. Alipoulizwa kuhusu kiegemeo cha kitabu, alikata mguu wa kigoda cha zamani akauchimba kidogo. Siku ukumbi unapofungwa kwa usafi, mlinzi alipewa ruhusa akaende gulioni, nasi tukaingia na magongo na kamba.

Fuhai aliongoza kazi akipunga mikono. "Polepole. Msiguse kibao. Hilo jipya lisogezeni kushoto, kulikuwa na alama ya vumbi, fuateni vumbi!"

Kabla hatujalinyanyua lile la kweli, mmoja wetu aliuliza kama si vibaya, mwezi wa ziada bado. Tukamtuma mtu kwa Shangazi Sulian. Alirudi anahema.

"Amesema nini?"

"Amesema mna akili za kuku. Alikuwa anakataa lisisogezwe kwa sababu hakutaka kufa. Sasa anataka kufa, lisogezeni."

Lilikuwa zito kiasi kwamba mabega yetu yaliuma wiki nzima. Tulipolivusha kizingiti niliinua macho kuangalia ile boriti mpya ya Tiegen upande wa mashariki, na tundu dogo la mashine lililoachwa wazi kama jicho. Tukashuka nalo kijijini.

Liliwekwa chumbani kwake, karibu na kitanda. Mjukuu alilipaka mafuta, yeye akielekeza kwa kidole. "Hapo umeruka. Hapo. Pembe." Kisha akaomba asaidiwe kuingia. Wanawake walitazamana, lakini walimwingiza. Akakiweka kichwa juu ya kile kikono, akakigeuza kidogo kushoto, kikakaa.

"Panya hawakuingia?" aliuliza.

"Hawakuingia, Bibi."

"Basi nirudisheni kitandani. Si leo."

Ilikuwa kesho yake. Tulimbeba kupita chini ya jukwaa la mawe, ukumbi ukiwa umetanua mabawa yake juu yetu, na Bibi Wen akawa anatembea mbele akilia na kutugombeza kwamba tunamtikisa.

Majira ya kuchipua Profesa Lu alikuja na basi zima la wanafunzi. Aliwapanga kuzunguka kamba nyekundu, akaligonga sanduku kwa kifundo cha kidole, akainamisha sikio.

"Sikieni mlio huo. Mbao za siku hizi, popla kwa mfano, haziwezi kabisa kutoa mlio huo."

Wakaandika. Msichana mmoja alikuwa amesahau kuandika. Kichwa chake kilikuwa kimeangalia juu, mdomo wazi, anafuata kwa macho vikono vile vinavyopokezana paa.

"Huko hakuna kitu," Profesa alimwambia kwa upole. "Tazama hapa."

Akafunua kifuniko. Ndani mlikuwa na maharage mekundu, yamejaa mpaka nusu. Profesa aliokota moja akaligeuza kiganjani. Kisha akaeleza kwamba sadaka, kama inavyojulikana, hubadilika kwa majira.

Bibi Wen alikuwa amekaa kwenye kigoda cha Shangazi Sulian, kando ya kizingiti. Jeneza lake mwenyewe sasa Fuhai alikuwa amelifungia kwa kufuli lisionekane, na mahali pakavu pa kuwekea maharage hakuwa napo pengine.

"Andikeni na hili," aliwaambia wanafunzi. "Msiyachezee. Siku ya gulio nina wageni."